Simu ya upepo: leseni kwanza, antena pili, redio mwisho

Na Mwandishi Wetu

Wengi wetu tuliokulia ng'ambo ya mpaka tuliijua simu ya upepo kabla ya kuijua simu ya mkononi. Waliokaa Ngara na Karagwe wanaikumbuka ile redio ya misheni au ya shirika la misaada, mtu akipaza sauti kwenye maiki huku wenzake wamejaa dirishani wakisubiri habari za ndugu zao. Waliotoka Masisi, Goma na Bukavu wao waliiita foni, na wanakumbuka jinsi wafanyabiashara walivyopanga foleni kuulizia bei ya maharage au kama mzigo umeshaondoka.

Simu za mkononi zimeichukua karibu kazi hiyo yote. Hata hivyo, redio hazijafa. Wapo watu wanaozipenda kwa ajili yake zenyewe: wanajenga antena, wanasikiliza usiku, wanazungumza na mtu wa Japani au Brazili bila kununua dakika wala bando. Kama ilivyo kwa ndondi, ambako kuna za kulipwa na za ridhaa, hii nayo ni redio ya ridhaa. Chama chao cha kimataifa, IARU, kilianzishwa Paris mwaka 1925.

Siku hizi redio za aina hii zinaingia nchini kwa njia mbili. Ya kwanza ni begi la ndugu anayerudi kutoka Ulaya au Amerika. Ya pili ni mzigo wa mfanyabiashara anayevuka Rusumo, Gatuna au Rubavu. Wote wawili wanaweza kupoteza mali yao kwa kukosa maelezo ya kurasa chache tu. Makala haya yanakusudia kuwapa maelezo hayo, na kwa ufupi yanasema hivi: tafuta leseni kwanza, antena iwe ya pili, na redio iwe ya mwisho. Watu wengi huanza kinyume, na ndipo fedha zinapopotea.

Leseni kwanza

Redio inayopokea tu, kama ile ya kusikilizia habari, ni kitu kimoja. Redio inayorusha ni kitu kingine kabisa. Masafa ni mali ya taifa, na kila nchi ina mamlaka inayoyagawa. Kwa Rwanda ni RURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Tanzania ni TCRA, Uganda ni UCC, Kenya ni CA, Burundi ni ARCT na Kongo ni ARPTC. Kabla ya kulipa hata faranga moja dukani, fika kwenye ofisi husika uulize masharti ya leseni ya redio ya ridhaa, ada yake, na kama aina ya redio unayoitaka inakubalika.

Fomu za leseni za redio kwa kawaida huuliza aina ya mtambo, nguvu yake kwa wati, masafa na mahali antena itakapokaa. Kwa hiyo nenda na karatasi ya maelezo ya redio unayoifikiria, si redio yenyewe. Ukikataliwa, umepoteza nauli tu.

Aliyewahi kupata leseni Marekani, Kanada au Ubelgiji asidhani kwamba inafanya kazi mara tu anapotua Kanombe. Leseni hiyo ni ushahidi mzuri kwamba amesoma na kufaulu mtihani, na aambatanishe nakala yake kwenye maombi. Lakini ruhusa ya kurusha hapa hutolewa hapa. Wale walioogopa mtihani wa Morse nao wajue kwamba tangu mkutano wa kimataifa wa mwaka 2003 kila nchi imeachiwa iamue yenyewe kama itaudai au la.

Ukipewa leseni utapewa pia alama ya kituo chako. Herufi za mwanzo hutambulisha nchi: 9X ni Rwanda, 9U Burundi, 5X Uganda, 5H Tanzania, 5Z Kenya na 9Q Kongo. Alama hiyo ndiyo jina lako hewani, na ni lazima uitaje.

Redio hii si ya biashara

Hapa wafanyabiashara wa mpakani wasikilize vizuri. Kanuni za Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, ITU, zinasema redio ya ridhaa ni ya kujifunza, ya kuwasiliana na ya majaribio ya kiufundi, bila kutafuta faida ya fedha. Mazungumzo kati ya nchi na nchi yanatakiwa yahusu mambo ya redio yenyewe na habari ndogo ndogo za mtu binafsi. Hairuhusiwi kuficha maana kwa maneno ya siri, na ujumbe wa mtu wa tatu kwenda nchi nyingine unakubalika tu wakati wa dharura au maafa.

Maana yake ni kwamba ile kazi ya foni ya zamani, ya kuuliza bei ya nyanya au kumwambia dereva lori lisubiri, haina nafasi hapa. Anayetaka redio kwa ajili ya malori, ghala au walinzi aombe leseni ya mtandao binafsi wa redio, apewe masafa yake mwenyewe. Ni leseni tofauti, na redio zake mara nyingi ni tofauti.

Jambo la pili ni mpaka wenyewe. Leseni ya nchi moja haikupi ruhusa ya moja kwa moja katika nchi jirani, hata kama nyumba yako iko mita mia moja kutoka kizuizini. Ukitaka kurusha ukiwa Kabale, Ngara au Goma, omba kibali cha nchi hiyo mapema. Ukivuka na redio, itangaze forodhani, uwe na risiti na nakala ya leseni. Katika maeneo yetu ambako amani imeyumba mara nyingi, redio ya mkononi isiyo na karatasi humfanya ofisa wa usalama aulize maswali mengine kabisa, na si haki kumlaumu.

Redio iliyotoka Amerika

Ndugu anayerudi kutoka Amerika mara nyingi huja na moja ya redio za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile zinazouzwa mbili mbili kwenye pakiti moja, za kuchezea kambini au kuwindia. Zinatumia masafa ya megahezi 462 na 467, ambayo Marekani yametengewa familia. Zile za Ulaya hutumia megahezi 446 na nguvu ya nusu wati tu. Zote si redio za ridhaa, na kuruhusiwa kwake huko hakuzifanyi halali hapa. Aidha, usiamini maandishi ya kwenye pakiti yanayosema maili 30. Katikati ya nyumba za mjini kilometa moja au mbili ni bahati nzuri.

Aina ya pili ni redio halisi ya ridhaa. Hii ni mali, lakini ina mitego. Dunia imegawanywa katika kanda tatu za masafa: Afrika na Ulaya ziko kanda ya kwanza, Amerika ya pili. Mawimbi ya mita 2, ambayo ndiyo hutumika zaidi kwa redio za mkononi, hapa kwetu ni megahezi 144 hadi 146. Amerika yanafika 148. Kwa hiyo redio ya huko itakuruhusu kurusha kwenye 147, nawe utakuwa umeingia shamba la mtu mwingine bila kujua. Mawimbi ya mita 40 hapa yanaishia megahezi 7.2, huko yanafika 7.3. Na redio yenye masafa ya megahezi 222 usiibebe kabisa kwa ajili hiyo, kwani masafa hayo si ya ridhaa katika kanda yetu.

Mtego mwingine ni umeme. Chaja na adapta nyingi za Amerika zimetengenezwa kwa volti 120. Hapa umeme ni volti 230. Soma kibandiko: kama kimeandikwa 100-240, unahitaji kibadilisha plagi tu. Kama kimeandikwa 120 peke yake, ukikichomeka utanusa harufu ya moshi kabla hujakaa. Betri za lithiamu nazo zisiwekwe kwenye mzigo wa chini wa ndege. Beba za akiba mkononi, ncha zake zimefunikwa.

Redio za bei nafuu

Madukani kuna redio nyingi za mkononi kutoka China, za wati 5 hivi, na bei yake imewawezesha vijana wengi kuanza. Si vibaya kuwa nayo. Lakini nyingi zinauzwa zikiwa wazi, kuanzia megahezi 136 hadi 174 na kuanzia 400 na kuendelea. Humo ndimo wamo pia polisi, magari ya wagonjwa, makampuni ya ulinzi na wengineo. Redio haitakuzuia kuwaingilia. Kinachokuzuia ni leseni na akili yako. Kwa hiyo jambo la kwanza baada ya kuinunua ni kuingiza masafa yako halali kwenye kumbukumbu na kutumia hayo tu. Baadhi ya redio hizi pia hurusha takataka pembeni ya masafa yaliyokusudiwa. Ukiweza kupata mtu mwenye kipimo, mwombe aikague kabla ya kuizoea.

Anayenunua redio iliyotumika asikubali kuonyeshwa taa zinawaka tu. Iwashwe, isikilizwe, kisha irushwe kwa sekunde chache ikiwa imeunganishwa na kipima wati na antena nzuri, au kifaa cha kujaribia kinachopokea nguvu badala ya antena. Tazama kama wati zinafikia zile zilizoandikwa. Zungusha kila kitufe. Tikisa waya wa maiki. Angalia kama skrubu zimechunwa, dalili kwamba imefunguliwa mara nyingi. Namba ya mtambo isiwe imefutwa, na risiti iandikwe namba hiyo.

Wala usibonyeze kitufe cha kurusha bila antena. Mwandishi wa makala haya alifanya hivyo mara moja, kwa pupa ya kuonyesha rafiki redio mpya. Nguvu isiyo na mahali pa kutokea ilirudi ndani, ikaunguza transista za mwisho, na fundi alidai karibu nusu ya bei ya redio. Hilo lilikuwa somo ghali.

Antena pili

Ukiwa na fedha ya kugawa, usiimalize yote kwenye redio. Redio ya kawaida yenye antena nzuri humshinda mwenye redio ya kifahari aliyefunga waya dirishani.

Mawimbi ya redio za mkononi husafiri karibu kama mwanga wa tochi. Watu wawili wakisimama kwenye uwanda tambarare, antena zikiwa mita moja na nusu kutoka ardhini, upeo wao ni kilometa 10 hivi. Lakini mmoja akipanda kilima cha mita 300 juu ya uwanda, upeo wake peke yake unafika kilometa 70. Nchi ya vilima elfu ina faida hapo, na ina hasara pia: aliye bondeni, nyuma ya kilima, hatasikia kitu hata ukiwa na wati 50. Kwa hiyo kupanda juu ni bora kuliko kuongeza wati.

Kwa mita 2 unaweza kujitengenezea antena ya nje kwa fimbo ya shaba au alumini yenye urefu wa sentimeta 49 iliyosimama wima, na fimbo nne za sentimeta 51 zilizoinama chini kuizunguka. Hiyo itakuzidia sana kile kijiti cha mpira kilichokuja na redio.

Anayetaka kuzungumza mbali, Bujumbura, Kampala au Mwanza, atahitaji mawimbi ya masafa mafupi. Hapo antena ni waya tu. Chukua 143, gawa kwa megahezi unazotaka, utapata urefu wa waya kwa mita. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20 na sentimeta 14, yaani mita 10 na sentimeta 7 kila upande, katikati pakiwa na kebo inayoshuka kwenye redio. Kata waya mrefu kidogo kuliko hesabu, kisha punguza polepole. Miti miwili ya mikaratusi inatosha kuushikilia. Mawimbi haya ya mita 40 yakirushwa kutoka mita 6 au 8 tu juu ya ardhi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini, hivyo huvuka milima bila kujali. Kigali hadi Bujumbura ni kilometa 175 hivi kwa mstari ulionyooka, na Kampala ni 380. Yote iko ndani ya uwezo wake. Kwa nchi za mbali, tumia megahezi 14, 21 na 28, hasa miaka jua linapokuwa na madoa mengi. Mzunguko huo huchukua takriban miaka 11, na kilele chake cha karibuni kilikuja mwaka 2024.

Usisahau kebo. Ile nyeupe ya televisheni ni ya omu 75, redio hizi zinataka omu 50. Na si kila kebo ya omu 50 inafaa kila mahali. RG-58, ile nyembamba, ikiwa na urefu wa mita 20 hula zaidi ya nusu ya nguvu yako kwenye mita 2. RG-213, iliyo nene, hula theluthi moja hivi. Kwenye megahezi 7 tofauti si kubwa, na nyembamba yatosha. Viungo vya nje vifungwe vizuri kwa utepe wa mpira, kwani maji yakiingia kebo imekwisha.

Kifaa kidogo ambacho kila mmoja awe nacho ni kipima SWR, kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Kikisoma 1.5 au chini, umefaulu. Kikifika 3, robo ya nguvu inarudi kwenye redio, nawe uache kurusha utafute kosa.

Umeme na radi

Redio ya masafa mafupi ya wati 100 hudai ampea 20 hivi kwa volti 13.8 wakati wa kurusha, na ampea moja au mbili wakati wa kusikiliza. Betri ya gari ya ampea 70 kwa saa isimalizwe kupita nusu, la sivyo itakufa mapema. Nusu hiyo yatosha kusikiliza saa kumi na kuzungumza jumla ya saa moja. Ukiwa na sahani ya nishati ya jua, kituo chako hakimtegemei mtu. Tumia waya mnene, na weka fyuzi karibu na betri, si karibu na redio.

Antena isipite juu wala karibu na nyaya za umeme. Watu wamekufa kwa hilo. Na radi, hasa kwa walio Mkoa wa Magharibi, si jambo la mzaha. Mawingu yakianza kuwa meusi, chomoa kebo ya antena na uiweke nje ya nyumba. Usisubiri ngurumo ya kwanza.

Kwa nini mtu ahangaike

Msomaji anaweza kuuliza: baada ya taabu yote hii, faida iko wapi, na biashara imekatazwa? Jibu wanalo watu wa Rubavu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walivuka usiku ule kuja upande wetu, kama walivyofanya Januari 2002. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliua watu zaidi ya 130 katika maeneo ya magharibi na kaskazini, na barabara zikakatika. Siku kama hizo mnara wa simu unaweza kukosa umeme au kuzidiwa na wapigaji. Mtu mwenye leseni, betri iliyojaa na waya kati ya miti miwili anaweza kusema ni daraja gani limekwenda na ni wapi watu wanahitaji maji. Kanuni zenyewe zinamruhusu kupeleka ujumbe wa wengine wakati huo. Lakini redio iliyonunuliwa siku ya maafa, na mtu asiyejua kuitumia, haisaidii kitu.

Kwa hiyo anza leo kwa kitu kidogo: redio ya kupokea masafa mafupi yenye SSB, ili usikie sauti za wapenda redio na jinsi wanavyoitana. Weka daftari, na kila unachosikia kiandikwe kwa saa za UTC. Pale Rusumo utaona sababu: upande wetu ikiwa saa nne asubuhi, ng'ambo ya daraja ni saa tano, na kwa UTC ni 08:00. Wenye redio wote duniani huandika saa hiyo moja ili madaftari yao yapatane.

Ukishazoea kusikiliza, nenda kwenye mamlaka. Ukipata karatasi, pandisha antena. Redio utaichagua kwa utulivu, ukiwa unajua unachokitafuta, na siku ofisa wa mpakani atakapofungua begi lako, utamwonyesha leseni kabla hajauliza.